Wavu uliojaa maji: jinsi haidrojeli inavyopima muda wa dawa mwilini

Mgonjwa akishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kazi inayomsubiri nyumbani ni ya matone. Kwa wiki kadhaa atadondoshea jicho dawa ya kutuliza uvimbe, mwanzoni mara nyingi kwa siku, kisha akipunguza taratibu kwa ratiba aliyopewa. Sehemu kubwa ya kila tone humwagikia shavuni au huoshwa na machozi, na kinachopenya hadi ndani ya jicho kwa kawaida hakifiki asilimia 5. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha njia nyingine. Daktari huchukua kijiti chenye urefu wa milimita 3 hivi na kukiingiza kwenye kitundu kilicho ukingoni mwa kope ya chini, upande wa pua, pale machozi yanapoingilia kwenda puani. Kijiti kinafyonza unyevu, kinavimba na kutulia humo. Ndani yake mna miligramu 0.4 za deksamethasoni, na dawa hiyo hutoka kidogo kidogo kwa muda wa hadi siku 30, ikipungua yenyewe kuelekea mwisho, kama ambavyo mgonjwa angeagizwa apunguze matone. Hakuna haja ya kurudi kukitoa. Kinalainika, kinasambaratika na kuondoka na machozi.

Kijiti hicho huuzwa kwa jina la Dextenza. Hakina betri, hakina saa, hakina kifaa chochote cha kupimia. Kimetengenezwa kwa polima inayopenda maji, iliyofumwa ikawa wavu, na dawa ikatiwa ndani. Wataalamu huita kitu cha namna hiyo haidrojeli. Swali linalonivutia mimi ni moja: kama hakuna saa ndani yake, ni nani anayeiambia dawa leo itoke kiasi hiki na kesho kiasi kile?

Kwa mwendo gani?

Tumezoea kuuliza mambo mawili kuhusu dawa: ni ipi, na ni kiasi gani. La tatu, yaani iingie mwilini kwa mwendo gani, tunaliacha kwenye maneno mafupi ya "kutwa mara tatu". Naamini hilo la tatu lina uzito ule ule wa mawili ya kwanza, na mara nyingine linayazidi.

Kidonge cha kawaida kikimezwa, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka kadiri ini na figo zinavyoisafisha. Kileleni ndiko madhara yasiyotakiwa hujitokeza zaidi, na bondeni ugonjwa hupata upenyo. Dozi inayofuata hurudia mlima ule ule. Kwa dawa za protini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mwili huziharibu upesi. Insulini ikiingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya dakika chache.

Lakini mfano unaonishawishi kuliko yote hauhusu kilele wala bonde. Unahusu homoni iitwayo GnRH, inayotolewa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ili kuiamuru tezi ya pituitari iamshe viungo vya uzazi. Mwili hauitoi mfululizo. Huitoa kwa mapigo, pigo na kupumzika, pigo na kupumzika. Mwaka 1978 kundi la mtafiti Ernst Knobil huko Pittsburgh lilionyesha, kwa kutumia tumbili aina ya rhesus, kwamba homoni hiyo ikitolewa kwa pigo moja kila saa huamsha pituitari, ila ikitolewa mfululizo bila kukatika huizima. Molekuli ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo tu, na matokeo yakageuka kinyume kabisa.

Ugunduzi huo ndio msingi wa tiba ya watoto wanaoanza kubalehe mapema mno. Kipandikizi kiitwacho Supprelin LA, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ni mrija mdogo wa haidrojeli wenye urefu wa sentimita 3.5, unaowekwa chini ya ngozi ya ndani ya mkono wa juu. Una miligramu 50 za histrelini, dawa inayoiga GnRH, na huitoa kwa takriban maikrogramu 65 kwa siku kwa miezi 12. Baada ya msisimko mfupi wa mwanzo, pituitari huzoea, hunyamaza, na balehe husimama. Mtoto hupewa muda wa kukua. Bila kitu cha kuitoa dawa hiyo polepole na bila kukatika, tiba ya kuwekwa mara moja kwa mwaka isingekuwapo.

Maji yaliyofungwa kwa mafundo

Haidrojeli ni nini hasa? Chukua polima, yaani molekuli ndefu kama uzi, inayopenda maji. Ukiitia kwenye maji peke yake, nyuzi zitatawanyika na kuyeyuka. Sasa zifunge nyuzi hizo kwa mafundo zinapokutana. Maji yatazidi kuingia kwa sababu nyuzi zinayavuta, lakini haziwezi tena kutengana. Zinanyooka hadi mafundo yanapozirudisha nyuma, kama mpira uliovutwa. Kuvimba kunakoma pale nguvu ya maji kuingia inapolingana na nguvu ya nyuzi kurudi. Paul Flory na John Rehner waliuandika usawa huo kwa hesabu mwaka 1943, na hadi leo mtafiti anayetaka kujua wavu wake umefumwa kwa ukaribu kiasi gani huanza na hesabu yao.

Huhitaji maabara kukutana na kitu hiki. Chembe nyeupe zinazofyonza mkojo ndani ya nepi za kutupwa ni haidrojeli. Lenzi laini zinazovaliwa machoni ni haidrojeli pia, na hizo ndizo zilizofungua njia ya yote tunayozungumzia. Mwaka 1960 wakemia wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jeli iliyokusudiwa tangu mwanzo kukaa ndani ya mwili wa binadamu bila kuudhuru. Mwishoni mwa 1961, Wichterle alitengeneza lenzi laini za kwanza zilizofaa akiwa nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kutokana na vipande vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Lenzi ya polima ile, ikilowa, ni takriban asilimia 38 maji. Haidrojeli nyingine hufika asilimia 90 na zaidi, na bado zinashikilia umbo.

Huo wingi wa maji ndio unaozifanya zielewane na mwili. Tishu zetu nazo ni maji yaliyoshikwa na nyuzi. Jeli laini haikwaruzi jirani zake, haihitaji viyeyusho vikali kuitengeneza, na protini iliyomo ndani hubaki kwenye mazingira yanayofanana na yale iliyozaliwa nayo.

Mafundo yenyewe ni ya aina mbalimbali, na hapa ndipo ufundi unapoanzia. Kuna mafundo ya kudumu, ya kikemia, yasiyofunguka. Kuna mafundo yaliyoundwa ili yakatike. Na kuna mafundo ya muda, yanayoshikana kwa chaji za umeme au kwa kukumbatiana tu. Alijineti, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia, ni ya kundi hili la mwisho. Dondosha tone la myeyusho wake kwenye maji yenye kalisi, na papo hapo tone linageuka shanga laini, kwa sababu kila ioni ya kalisi inashika nyuzi mbili kwa pamoja. Hakuna joto, hakuna sumu. Shanga kama hiyo inaweza kubeba hata seli hai.

Molekuli inatembea wavuni

Turudi kwenye swali la nani anayeamuru. Molekuli ya dawa iliyo ndani ya jeli haitulii. Inasukumwa huku na huku na molekuli za maji, na kwa jumla husogea kutoka zilipojazana kwenda zilipo chache. Mwendo huo huitwa usambaaji, na Adolf Fick aliuwekea kanuni mwaka 1855. Jeli haifanyi zaidi ya kuuwekea vikwazo.

Kikwazo cha kwanza ni ukubwa wa jicho la wavu. Katika haidrojeli zinazotumika kwa dawa, jicho hilo mara nyingi huwa kati ya nanomita 5 na 100. Linganisha na abiria wanaotaka kupita. Ibuprofeni ina uzito wa molekuli wa 206, na upana wake haufiki nanomita moja au unaizidi kidogo tu. Insulini ina uzito wa 5,808 na upana wa nanomita 3 hivi. Kingamwili, kama zile zinazotumika kutibu saratani, zina uzito wa takriban 150,000 na upana wa nanomita 10 na zaidi. Kwenye wavu wenye macho ya nanomita 20, ibuprofeni hupita kana kwamba hakuna wavu. Kingamwili husuguana na nyuzi kila hatua. Ukikaza wavu hadi macho yawe madogo kuliko kingamwili, hiyo haitoki hata kidogo mpaka wavu wenyewe ubadilike.

Kwa hiyo molekuli ndogo ndizo zinazomsumbua mtafiti. Watu wengi hudhani kitu kikubwa ndicho kigumu kukidhibiti, na hapa ni kinyume. Dawa nyingi tunazomeza ni molekuli ndogo, na jeli ya kawaida haiwezi kuzizuia kwa zaidi ya saa kadhaa au siku moja.

Kikwazo cha pili ni umbali, nacho kina tabia isiyotarajiwa. Muda wa usambaaji haukui sambamba na umbali bali na mraba wake. Molekuli ndogo kwenye maji huhitaji takriban robo saa kusogea milimita moja. Mtu angetegemea sentimita moja, ambayo ni umbali mara kumi, ichukue muda mara kumi. Inachukua mara mia, yaani zaidi ya siku nzima. Kuongeza unene wa jeli mara mbili ni kuongeza muda mara nne. Sheria hii itatufuata hadi mwisho, kwa hiyo inafaa kuishika.

Ipo sheria nyingine iliyotokana na hiyo. Takeru Higuchi, mtaalamu wa kemia ya dawa nchini Marekani, alionyesha mwaka 1961 kwamba dawa iliyotawanywa ndani ya kitu kama marhamu hutoka kwa kipimo kinachokua na kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya kawaida, iliyo karibu na uso hutoka upesi, na iliyo ndani hutoka kwa kujivuta, kwa sababu kila siku njia yake inarefuka. Ndiyo maana jeli nyingi hutoa dawa kwa fujo saa za mwanzo, kisha hupungua. Mlipuko huo wa mwanzo ni tatizo kongwe la fani hii. Kama dawa ni kali, kiasi kinachotoka siku ya kwanza chaweza kudhuru, na kinachobaki chaweza kuwa pungufu mno kutibu.

Njia mojawapo ya kulainisha mteremko huo ni rahisi na ya gharama: weka dawa nyingi kuliko utakayoitoa. Nilipopiga hesabu ya kipandikizi cha histrelini nilishangaa. Maikrogramu 65 kwa siku, mara siku 365, ni chini kidogo ya miligramu 24. Kipandikizi kina 50. Nusu haitumiki kamwe. Mabaki hayo si uzembe, kwa kuwa ndiyo yanayoendelea kusukuma kutoka ndani, ili siku ya mwisho dawa itoke karibu kama siku ya kwanza.

Ukitazama dawa ya kulainisha mlango wa kizazi kabla ya kuanzishwa uchungu, iitwayo Cervidil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, utaona hesabu ya aina hiyo hiyo. Ni kipande bapa cha haidrojeli chenye miligramu 10 za dinoprostoni, kinachotoa takriban miligramu 0.3 kwa saa kwa saa 12. Jumla haifiki miligramu 4, na kinachobaki hutupwa. Lakini kipande hiki kina jambo jingine ninalolipenda sana. Kimefungwa ndani ya kifuko cha kitambaa chenye utepe mrefu unaobaki nje. Mji wa mimba ukianza kubana kwa nguvu kupita kiasi, au mapigo ya moyo wa mtoto yakileta wasiwasi, mhudumu anavuta utepe na chanzo cha dawa kinaondoka papo hapo. Dinoprostoni iliyokwisha kuingia mwilini huharibiwa ndani ya dakika. Jeli ya kawaida ya kupaka haiwezi kurudishwa kwa usahihi huo. Wabunifu wa kipande hiki walifikiria mlango wa kutokea kabla ya mlango wa kuingilia, na natamani kila anayebuni kifaa cha kutoa dawa angefanya hivyo.

Maji kama saa

Usambaaji peke yake haufai kwa dawa ndogo inayotakiwa kudumu wiki au miezi. Hapo hutumika mafundo yanayokatika. Polima iitwayo polyethilini glaikoli, ambayo hufupishwa PEG, inaweza kufungwa kwa viungo vya esta, na esta hukatwa na maji yenyewe, taratibu, bila msaada wa kimeng'enya chochote. Kila siku mafundo machache yanafunguka. Macho ya wavu yanapanuka, jeli inalainika, na siku moja haibaki na mafundo ya kutosha kuishikilia, ikageuka kimiminika na kuondoka. Mkemia anaweza kuchagua esta ngumu au nyepesi, mafundo mengi au machache, na kwa kufanya hivyo akapanga kama jeli iishi siku chache au miezi kadhaa.

Wavu wa PEG ndio uliomo katika kile kijiti cha jicho, na kina msaidizi mwingine. Deksamethasoni haipendi maji. Kwa kawaida hiyo ni hasara kubwa kwa haidrojeli, maana dawa isiyopenda maji hukataa kutawanyika ndani yake. Hapa hasara imegeuzwa mtaji. Dawa imewekwa kama chembe ngumu ndani ya wavu, na kila chembe lazima kwanza iyeyuke kwenye maji machache yaliyo karibu kabla ya kuanza safari. Jeli inazishika chembe mahali pake, na uyeyukaji mgumu unapunguza kasi. Wavu na dawa vimegawana kazi.

Ipo pia njia ya kuifunga dawa kwenye uzi wenyewe wa polima kwa kiungo kinachokatika. Hapo ukubwa wa jicho la wavu haujalishi tena, kwa sababu dawa haianzi kutembea mpaka kiungo chake kikatike. Na kuna mbinu iliyoigwa kwa mwili: baadhi ya protini zinazochochea ukuaji wa tishu hushikamana zenyewe na heparini, molekuli ndefu ya sukari yenye chaji, kwa hiyo ukiweka heparini wavuni, protini hizo zinashikwa, zinaachiwa, zinashikwa tena kabla ya kutoka.

Wakati mwingine muda unaohitajika ni mfupi, na tatizo ni mahali. Saratani za daraja la chini, yaani zisizo kali sana, zinazoota kwenye njia za juu za mkojo, karibu na figo, ni mfano mzuri. Dawa ya maji ikimiminwa huko huoshwa na mkojo mara moja, na wagonjwa wengi waliishia kuondolewa figo nzima. Mwezi Aprili 2020 Marekani iliidhinisha Jelmyto, ambayo ni dawa ya saratani iitwayo mitomaisini ndani ya jeli yenye tabia ya kushangaza: ikiwa baridi ni kimiminika kinachopita kwenye katheta, yaani mrija mwembamba, na ikifika kwenye joto la mwili inaganda. Inakaa pale na kuupaka ukuta wa ndani wa figo dawa, kisha mkojo huimomonyoa na kuitoa kwa saa 4 hadi 6.

Kwa nini igande kwa joto, ilhali tumezoea jeli zinazoyeyuka kwa joto? Siri iko kwenye polima iitwayo poloksama. Kila uzi wake una ncha mbili zinazopenda maji na kiini kisichoyapenda. Kwenye baridi, maji hujipanga kwa utaratibu kuzunguka viini hivyo na kuvivumilia. Joto likipanda, mpangilio huo unavunjika, na viini vinakimbilia kujificha pamoja, ncha zikibaki nje. Vinaundika vitufe vidogo sana, na vitufe vikijazana kwa wingi hukosa nafasi ya kuteleza. Kimiminika kinakuwa jeli bila fundo hata moja la kikemia.

Kabla ya kuendelea, neno kwa anayedhani haya yote ni ya hospitali kubwa tu. Vidonge vingi vya "kutoa dawa polepole", vikiwemo vya metiformini ya muda mrefu kwa wagonjwa wa kisukari, vina unga wa polima itokanayo na selulosi. Kikifika tumboni na kulowa, uso wa kidonge hugeuka jeli, na dawa inalazimika kupenya tabaka hilo huku maji yakiingia taratibu kuelekea kiini kikavu. Ndiyo sababu karatasi ya maelezo husisitiza usikitafune, usikivunje wala kukisaga. Ukikivunja, unaharibu wavu kabla haujafumwa, na dozi iliyopimwa kwa siku nzima yaweza kumwagika kwa mara moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Baadhi ya wagonjwa hushtuka kuona kitu laini kinachofanana na kidonge chooni na kudhani dawa haikufanya kazi. Kwa vidonge vya aina hii, hilo mara nyingi ni ganda la jeli tupu lililokwisha kutoa dawa yake.

Jeli inayojiamulia

Habari nyingi kuhusu haidrojeli husifu zile "erevu", zinazohisi hali ya mwili na kuitikia. Msingi wake ni wa kweli. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, mwanafizikia wa chuo cha MIT, alionyesha kwamba jeli inaweza kusinyaa ghafla kwa sababu ya badiliko dogo tu la mazingira, kama mvuke unavyogeuka maji. Polima ifupishwayo PNIPAM hufanya hivyo kwenye nyuzijoto 32 za Selsiasi, karibu kabisa na joto la mwili. Nyingine huvimba kwa kubadilika kwa asidi, na zinaweza kukaa zimejikunja tumboni kwenye asidi kali na kufunguka utumbo unapofikiwa.

Ndoto kubwa kuliko zote ni jeli ya insulini inayohisi sukari. Mpango mmoja huweka ndani ya wavu kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa asidi. Sukari ikipanda, asidi inapanda, nyuzi zinapata chaji, zinasukumana, macho yanapanuka, insulini inatoka. Sukari ikishuka, wavu unajifunga. Tangu mwaka 1979, Michael Brownlee na Anthony Cerami walipopendekeza insulini inayojiachia kwa kuitikia glukosi, maabara nyingi zimejaribu, na wanyama wengi wa maabara wamesaidiwa. Dawa ya aina hiyo kwa binadamu haijafika famasi.

Sababu mojawapo ni ile sheria ya mraba. Tanaka huyo huyo, pamoja na David Fillmore, alionyesha mwaka 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba au kusinyaa hukua na mraba wa ukubwa wake. Jeli inayotakiwa kuitikia ndani ya dakika lazima iwe nyembamba mno. Jeli inayotakiwa kubeba insulini ya siku nyingi lazima iwe na ujazo. Kila ukivuta upande mmoja, mwingine unakupunguka. Watafiti hujaribu kukwepa kwa kutumia chembe ndogo sana kwa wingi, na hilo linasaidia, ila linaleta ugumu wa pili: wavu unaochelewa kujifunga baada ya sukari kushuka unaendelea kutoa insulini, na sukari ikishuka kupita kiasi inaweza kuua. Kijiti cha jicho kikikosea kwa asilimia 20, mgonjwa huenda asijue. Jeli ya insulini haina ruhusa hiyo.

Naandika hili bila kuwakatisha tamaa wanaoifanya kazi hiyo, kwani naitakia mema kwa moyo wote. Ila ukizipanga haidrojeli nilizozitaja ambazo kweli zimewafikia wagonjwa, nyingi zinategemea mambo ya kawaida kabisa: usambaaji, uyeyukaji, mafundo yanayokatwa na maji. Hata ile inayoganda kwa joto hubadilika mara moja tu na kubaki hivyo.

Mwili nao hufuma wavu wake

Kati ya maabara na mwili kuna mashimo mengine. Dawa lazima isafishwe vimelea, na njia za kawaida, joto kali na mionzi, zinaweza kukata nyuzi au kuharibu protini. Jeli yenye mafundo yanayokatwa na maji haiwezi kuhifadhiwa ikiwa imelowa, kwa hiyo hukaushwa, au sehemu zake mbili huchanganywa wakati wa kudungwa. Cervidil yenyewe huhifadhiwa kwenye friza. Haya ni mambo yasiyopewa vichwa vya habari, na ndiyo huamua kama dawa itamfikia mtu.

Zito zaidi ni kinga ya mwili. Chochote kigeni kinachokaa muda mrefu chini ya ngozi hukaguliwa na seli za kinga, na zikishindwa kukila hukizungushia ukuta wa kolajeni, protini ile inayounda makovu. Hapo kuna wavu wa pili, uliofumwa na mwili, ambao mbunifu hakuupigia hesabu. Jeli iliyotoa dawa vizuri kwenye chupa ya maabara huanza kutoa kwa mwendo mwingine.

Jambo hili lilionekana wazi pale watafiti walipoamua kuweka ndani ya jeli si dawa bali seli zinazoitengeneza. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walifunga vichaka vya seli za kongosho ndani ya vidonge vidogo vya alijineti na kuviweka tumboni mwa panya wenye kisukari. Wavu ulipaswa kufanya kazi tatu kwa pamoja: kuruhusu glukosi na oksijeni ziingie, kuruhusu insulini itoke, na kuziacha seli za kinga nje. Sukari ya panya ilirudi kawaida kwa wiki 2 hadi 3.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kusogea mbali na hapo, na kilichosaidia hakikuwa wavu uliokazwa zaidi. Kundi la Robert Langer na Daniel Anderson huko MIT lilibadilisha kemia ya alijineti yenyewe, likajaribu mamia ya namna hadi likapata chache ambazo seli za kinga hazizigombi sana. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya shanga zenye seli za insulini zilizokuzwa kutokana na seli shina za binadamu, zilizowekwa ndani ya panya wenye kinga kamili na bila dawa za kuishusha kinga hiyo. Zilidhibiti sukari kwa siku 174, mpaka watafiti walipozitoa wenyewe, na seli zilizokuwa ndani zilikuwa bado hai.